Nchi ya Ntuzu na Watu Wake Wanaohama



Msomaji wetu mmoja wa upande wa Maswa ametuletea swali, naye ataka lijibiwe bila kuzungushwa. Asema hivi: kila mwaka, pamba ikishauzwa, vijana huswaga ng'ombe au huwapakia katika malori, nao hao, wanakwenda Morogoro, Katavi, Mbeya, hata Lindi. Wazee hubaki na nyumba kubwa isiyo na watu. Je, Wasukuma ni watu wasiotulia, au liko jambo linalowasukuma? Swali hili halitoshi kujibiwa kwa maneno mawili. Kwa hiyo leo ukurasa wetu wote ni wake, nasi tutaanzia mbali kidogo.

Kwanza kabisa tuelewane juu ya majina. "Sukuma" maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi ndio waliowaita jirani zao jina hilo, kwa kuwa waliishi upande huo. Kusini ni "dakama", na mashariki ni "kiya". Hivi majina yetu makubwa ni majina ya pande tu, nayo hutegemea asemaye amesimama wapi. Lakini sisi wa Bariadi twajulikana zaidi kwa jina la Ntuzu, uliokuwa utemi mmojawapo wa upande huu pamoja na Itilima, Kanadi, Dutwa na nyinginezo. Mtu wa Ntuzu ni Mnyantuzu, na hata akisema Kisukuma mbele ya watu wa Mwanza hujulikana mara moja ametoka wapi.

Mkoa wenyewe wa Simiyu ni mchanga sana. Ulitengwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, una wilaya 5, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega (Busega ilitoka Magu, mkoani Mwanza), na jina lake ni la mto. Mto huo uliwahi kupata sifa kubwa kuliko maji yake. Mwaka 1875 msafiri Stanley alipopita huku aliandika kuwa Simiyu ndio chanzo cha mto Nile kilicho mbali kabisa upande wa kusini. Baadaye wataalamu waliupa Kagera heshima ile, na Simiyu ukarudi kuwa mto wetu wa kawaida, ambao wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wake kutafuta maji.

Sasa turudi kwenye swali. Jambo la kwanza ambalo vijana wetu hawalijui ni kwamba nchi hii wazi, yenye mashamba mpaka macho yaishie, ilitengenezwa kwa mikono. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kula majani wala wa kukanyaga vichaka vichanga. Watu nao walikumbwa na njaa na ndui, wengine wakafa, wengine wakasongamana mahali pamoja. Porini kukaota miti, na katika miti mbung'o wakaingia. Mahali pa mbung'o ng'ombe hakai. Hivi ugonjwa mmoja ulileta pori, na pori likaleta adui mwingine aliyezuia ng'ombe wasirudi.

Katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilimweka Bwana C. F. M. Swynnerton awe mkuu wa kazi ya kupambana na mbung'o, naye akaifanya Shinyanga kuwa makao yake. (Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege.) Yeye alijua habari za mdudu, lakini mashoka yalikuwa ya Wasukuma. Watemi waliita watu, nao wakatoka kwa maelfu na kukata pori kwa mstari. Watu wetu walikuwa wamekwisha kuzoea kazi za jumla, maana kila kijiji kilikuwa na chama cha vijana chini ya nsumba ntale, na chama kile kililima shamba la mtu kwa ngoma na nyimbo. Aliyedhani ngoma za Bagika na Bagalu ni mchezo tu wa kushindana baada ya mavuno hajaona jinsi mstari wa majembe unavyokwenda ukiongozwa na ngoma.

Pori lilipokatwa, watu walihamia. Zingatia neno hilo, msomaji. Kwimba na Shinyanga zilikuwa zimejaa watu na ng'ombe, udongo wa luseni umechoka, mvua zikichukua kilichobaki. Basi katika miaka ya 1940 na 1950 familia nyingi zilihama, wengine wakaenda magharibi mpaka Geita, wengine mashariki kuingia Maswa, wilaya ambayo siku zile ilikuwa na nchi hii yetu yote ya Bariadi, Itilima na Meatu ndani yake. Wengi wetu tunaojiita wenyeji tu wajukuu wa wahamiaji hao. Kwa hiyo anayewaona vijana wa leo kuwa ni watu wa ajabu kwa sababu wanahama, na awaulize babu zake walizaliwa wapi.

Serikali ya wakati ule iliona hatari ya nchi kuchoka, nayo mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Mabwawa yalichimbwa, na sehemu mpya zikafunguliwa. Hayo yalikuwa mema. Lakini pamoja na mabwawa zilikuja amri: lima matuta namna hii, weka mbolea kiasi hiki, uza ng'ombe kadhaa kila mwaka, lipa kodi ya ng'ombe, usihamishe mifugo bila ruhusa. Nyingine zilikuwa na maana katika kilimo, ila mtu huchukia dawa anayonyweshwa kwa kushikwa pua. Chama cha TANU kilikatazwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa toka mwaka 1954 mpaka 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliandamana kwa wingi. Amri zikaanguka, na pamoja nazo likaanguka hata lile lililokuwa jema ndani yake. Hasara ya amri isiyoelezwa ni hiyo, kwamba watu huja kulichukia jambo lenyewe.

Sasa pamba. Wageni waliileta tangu wakati wa Wadachi, lakini ilishika kweli wakati wa Waingereza, hasa baada ya vita ya pili. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilimalizika mwaka 1928, nayo yapita Malampaka katika wilaya ya Maswa. Kituo cha majaribio cha Ukiriguru kilitoa mbegu zilizofaa hali ya hewa yetu. Lakini mkulima alivuna zaidi kwa kulima zaidi. Plau la kukokotwa na ng'ombe lilimwezesha mtu aliyelima ekari 2 kwa jembe la mkono kulima ekari 8 au 10. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, na ng'ombe akavuta plau. Plau likafungua shamba jipya, na malisho yakapungua. Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu. Pamba na ng'ombe ni ndugu wawili wanaosaidiana katika kupata mali, lakini wote wawili wala sahani moja, nayo ni ardhi.

Nawasikia wengine wakisema, mbona basi Msukuma asiuze hao ng'ombe akaweka fedha benki? Maneno haya ni rahisi kwa mtu wa mshahara. Ng'ombe ni mahari ya mwana, ni ada ya shule, ni maziwa ya mtoto, ni mbolea, ni msaada mwaka ambao mvua haikunyesha na mtama umekauka. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka na yaweza kuliwa kwa juma moja. Ng'ombe haliki kwa juma moja. Wazee waliomwamini ng'ombe kuliko karatasi hawakuwa wajinga, maana karatasi za pamba zimewahi kuwadanganya mara nyingi.

Kwa habari ya udanganyifu huo, tuseme juu ya mizani. Kabla ya vyama vya ushirika, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, na kilio cha wakulima kilikuwa hakiishi: mizani inapunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana Paul Bomani na wenzake wa Mwanza waliwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation. Kufika mwaka 1959 pamba ya jimbo zima ilipita mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe, navyo vikanunua viwanda vya kuchambua pamba. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha baada ya uhuru. Tuone fahari ya jambo hili bila kujisifu: watu ambao wengi wao hawakujua kusoma walijenga mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, na walianza kwa kuudai ukweli wa mizani.

Lakini chama nacho kina makarani, na karani aweza kuiba kama mfanyabiashara. Malalamiko yalizidi, serikali ikaingilia, na mwaka 1968 Nyanza ikachukua mahali pa Victoria. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa. Vikarudishwa katika miaka ya 1980, kwetu ukiwa ule wa SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa tena kwa makampuni. Mwaka 2018 serikali ikaamuru pamba iuzwe kwa njia ya vyama vya msingi, hivi tunavyoviita AMCOS. Mkulima wa miaka 80 ameona mizani ikipita mikono mitano au sita, na kila mkono ulisema wenyewe ndio safi.

Mwaka 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na watu wengi wakakaa na stakabadhi mfukoni miezi kadhaa bila kulipwa, huku shule zinadai na wagonjwa wanangoja. Mkulima wa Dutwa hana habari na maghala ya Asia, lakini maghala yale yana habari naye, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyuzi zetu huuzwa nje. Katika kilo 100 za pamba mbegu, karibu theluthi moja ndiyo nyuzi, na karibu yote iliyobaki ni mbegu, ambayo hutoa mafuta na mashudu. Nyuzi zikisafiri zikiwa nyuzi, kazi ya kusokota na kufuma, pamoja na ujira wake, husafiri nazo.

Wala tusiwatupie lawama wanunuzi peke yao. Wapo kati yetu wanaomwagia pamba maji usiku au kutia mchanga ili iwe nzito, wakachanganya fifi na safi. Jumapili watu hao hao huimba pamoja nasi. Mizani ina pande mbili.

Basi ardhi. Mpaka hapa tumeona kwamba babu zetu, nchi ilipochoka, walihama. Je, sisi twaweza kufanya vivyo hivyo hapa hapa nyumbani? Tazama ramani. Mashariki ni Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962. Huko hapaingiliki kwa plau wala kwa ng'ombe, na tembo ndio wanaovuka kuja kwetu kula mahindi ya watu wa Itilima na Meatu. Magharibi ni Magu na ziwa, kusini ni Shinyanga na Kwimba zilizojaa tangu zamani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa wetu. Ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Watu waliokaa mbalimbali, kila mji na ua wake wa minyaa na malisho yake, walikusanywa pamoja. Shule na zahanati zikawa karibu, hilo hatulikani. Lakini ng'ombe pia walikusanyika pamoja, na ile desturi njema ya ngitili ikavunjika. Kwa wasomaji wasio Wasukuma, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, ng'ombe hawaingii, ili majani na miti vikue na kuliwa wakati wa kiangazi kikali. Mtu aliyehamishwa mbali na ngitili yake aliiacha, na jirani akaikata kuni. Shinyanga nzima, na Bariadi ndani yake, ikaanza kuitwa jangwa.

Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza kuwarudisha watu kwenye ngitili. Katika mkoa wa zamani wa Shinyanga, pamoja na wilaya zetu za Bariadi, Maswa na Meatu, ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600 tu. Kazi ilipomalizika mwaka 2004 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Safari hii hapakuwa na amri ya kodi wala askari. Wataalamu waliwauliza wazee: zamani mlifanyaje? Kisha serikali za vijiji na sungusungu zikalinda. Tukilinganisha jambo hili na amri za Malya, tutaona kwamba watu ni wale wale na udongo ni ule ule. Kilichotofautiana ni namna ya kuwaendea. Hata hivyo ngitili nyingi za leo zapungua tena, maana baba akifa huigawa kwa wana 6, na kila mwana hutaka kipande chake kiwe shamba.

Hapo ndipo kijana anapofunga safari. Mimi ni karani wa parokia, na vitabu vya ubatizo viko mezani pangu. Sheria yetu yataka mtu akifunga ndoa mahali pengine, parokia ile ituarifu, nasi tuandike pembeni mwa jina lake. Ukifungua kitabu cha miaka ya 1960, pembeni mwa majina utaona Ngudu, Sumve, Shinyanga mjini. Ukifungua cha miaka ya 1990 utaona Mpanda, Ifakara, Mahenge, Mbarali, Lindi. Barua hizo huja zimekunjwa vibaya, nyingine zimechukua miezi. Juzi ilikuja ya kuuliza kama mtu fulani alibatizwa kwetu, nasi tukamwona katika kitabu, amebatizwa siku moja na ndugu zake wawili. Wote watatu hawako. Mama yao yuko, huja kanisani kwa fimbo.

Na huko waendako si nchi tupu. Ina wenyewe, ina mito inayotegemewa na mikoa mingine. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika Ihefu na bonde la Usangu, wengi wao watu wetu, wakaswagwa na kusafirishwa mpaka Rufiji, Kilwa na Lindi, na ng'ombe wengi walipotea au kufa njiani. Aliyeondoka Bariadi na ng'ombe 200 alijikuta na 40, mahali ambapo hakujua lugha ya majirani wala nao hawakumtaka. Magomvi ya shamba na malisho yameua watu katika mabonde hayo. Kwa hiyo mzee anayempa mwanawe kundi zima na kumwambia "nenda kusini" anampa mali pamoja na ugomvi.

Basi jibu langu kwa msomaji wa Maswa ni hili. Watu wetu hawahami kwa kukosa utulivu. Wanahama kwa sababu kuhama kulikuwa ndiko kilimo chetu kwa zaidi ya miaka mia, na njia hiyo ilituletea mali mpaka nchi ilipokwisha. Wengine wataendelea kwenda, wala sioni wa kuwazuia. Ila nionavyo mimi, familia nyingi huenda mapema kuliko ilivyo lazima, kwa kuwa hazikukaa chini kuhesabu. Wenye mbuga za udongo mweusi wanaweza kupanda dengu baada ya mpunga, na wengine wamekwisha kufanya hivyo kwa faida. Ngitili yaweza kurithiwa bila kugawanywa, ikabaki ya ukoo, mkataba ukaandikwa mbele ya serikali ya kijiji. Tena fedha ya pamba ihesabiwe mezani, mke akiwapo. Katika vyama vingi jina lililo kwenye daftari ni la mume, lakini mikono iliyochuma ni ya mke na watoto, na ni mke anayejua debe ngapi za mahindi zimebaki. Nyumba iliyouza kundi la ng'ombe wakati wa njaa kwa bei ya kutupa, mara nyingi ilikuwa na fedha mwezi Julai.

Kwa wale waliokwisha kukata shauri la kwenda, nina maneno machache ya ofisini. Msihamishe ng'ombe bila kibali cha afisa mifugo. Mtazuiwa njiani na mtalipa zaidi. Msinunue ardhi kwa mtu mmoja chini ya mti, hata akiwa mkarimu namna gani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, na haigawiwi bila mkutano wa kijiji kukubali. Takeni karatasi, na muhtasari wa mkutano uoneshe jina lenu.

Kila mmoja achukue cheti chake cha ubatizo kabla ya kuondoka. Mtoto atakayezaliwa huko asingojeshwe miaka mitatu eti mpaka aletwe kwa bibi yake. Abatizwe huko huko, na katekista wa huko afahamu mapema kuwa mmefika. Wazazi mwandike mahali jina la parokia, tarehe, na majina ya wasimamizi. Miaka 20 ikipita na kijana akitaka kuoa, karani wa parokia ile atafungua kitabu kutafuta jina lake, na bila mwaka na mahali atafunua kurasa siku nzima.